Kubaki Juu: Kwa Wanaoanza Kujifunza Boti za Foili Hapa Nyanda za Juu Kusini

Mwanafunzi anayekuja karakanani kwetu Mbeya baada ya kutazama video za mashindano ya boti za tanga ya America's Cup au SailGP huwa na swali moja: boti ya tanga inawezaje kukimbia karibu kilomita 100 kwa saa? Ni swali zuri, na mimi nilianza nalo miaka saba iliyopita, lakini lilinipotezea muda mwingi. Swali ambalo lingenifaa zaidi ni hili: boti hiyo inabakije juu bila kuanguka? Ukilishika hilo, umbo la foili, kazi ya mabaharia, hata njia anayoichagua nahodha, vyote vinaanza kueleweka kwa pamoja.

Foili ni bawa la chini ya maji. Maji ni mazito kuliko hewa kwa zaidi ya mara 800, kwa hiyo bawa dogo sana likipita majini kwa kasi linabeba mzigo mkubwa. Fanya hesabu yako ya kwanza kwa daftari, usiifanye kwa programu. Chukua boti ndogo ya majaribio yenye uzito wa kilo 6. Ukiivuta kwa mita 3 kwa sekunde, na kizidishi cha kuinua cha bawa, yaani namba inayoonyesha bawa linavyoinua, kikiwa 0.5, utahitaji eneo la sentimita za mraba 260 hivi, mabawa ya mbele na ya nyuma yakijumlishwa. Hilo ni bawa la upana wa vidole vitatu au vinne na urefu usiofika nusu mita. Watu hufurahi hapo na kukimbilia msumeno. Subiri. Ongeza kasi iwe mita 6 kwa sekunde, pembe ya bawa ikiwa ile ile. Kani ya kuinua inafuata kasi kwa kipeo cha pili, kwa hiyo bawa lile lile sasa linataka kubeba kilo 24. Boti yako ni kilo 6. Itakwenda wapi?

Itaruka. Niliona kwa macho yangu pale Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, tulipoivuta ya kwanza nyuma ya boti ya mashine kwa kamba ya uvuvi iliyofungwa kwenye mzani wa springi. Mzani ulipanda kadiri kasi ilivyoongezeka, kisha mwili wa boti ulipoachana na maji ukashuka ghafla, na sote tukapiga kelele kwa furaha, kwa sababu ndiyo siri yenyewe ya foili: ukinzani unapungua mwili wa boti ukiachana na maji. Sekunde chache baadaye boti ilichomoka majini yote, mabawa yakiwa hewani, ikatua kwa omo, yaani pua ya boti, na kuzama. Tulirudia mara nne. Mara zote nne ilizama vile vile, nami nikarudi Mbeya nikiwa na bawa limevunjika na somo ambalo ningeweza kulipata kwenye ile hesabu ya daftari kama ningeendelea na mstari mmoja zaidi.

Dawa yake wanayo watu wa boti ndogo za Moth, zenye urefu wa mita 3.36 na baharia mmoja tu. Wanaweka kijiti mbele ya boti, ncha yake ikiburuzwa juu ya maji. Boti ikipanda, kijiti kinaning'inia zaidi. Mwendo huo unapita kwenye fimbo hadi kwenye kipande cha nyuma cha bawa, kinanyanyuka, na kani ya kuinua inapungua. Boti ikishuka, kinyume chake. Hakuna umeme wala kompyuta. Sisi tulitengeneza kijiti chetu kwa ufito wa mwanzi ulioletwa na mwenzetu kutoka Iringa, kule wanakogema ulanzi, na hadi leo sijapata kitu chepesi na kigumu kuushinda kwa bei hiyo. Anza na kijiti. Wanaotaka kuanza na sensa na bodi ya Arduino, ile kompyuta ndogo, nawaelewa, ila mtu ambaye hajaona kwa macho namna urefu unavyodhibitiwa hatajua programu yake imekosea wapi.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba kwenye boti kubwa za America's Cup, zile AC75 za mwili mmoja zilizoanza kushindania kombe mwaka 2021, kanuni haziruhusu mashine kujiendeshea urefu. Ni binadamu anayerekebisha bawa kwa mkono muda wote wa mbio. Boti ina mikono miwili yenye foili: wa upande wa demani, yaani upepo unakoelekea, unakuwa majini ukiinua boti, wa upande wa joshi, upepo unakotoka, unanyanyuliwa hewani na uzito wake unasaidia kuizuia boti isipinduke. Wakati wa kugeuza, mikono yote miwili inakuwa majini kwa muda mfupi, ukinzani unaongezeka na kasi inashuka. Kumbuka picha hiyo, nitairudia.

Kuhusu karakana nitasema mambo mawili tu, kwa sababu ndiyo yaliyotugharimu. Rezini ya faibaglasi haipendi baridi yetu. Juni na Julai tulikuwa tunapaka jioni, asubuhi tunakuta bado inanata, na tuliwahi kumlaumu muuzaji bure. Sasa tunaweka bawa kwenye boksi lenye taa ya joto, kama lile la kulelea vifaranga, na linakauka vizuri. La pili ni hewa. Vitabu vinakupa densiti ya hewa ya usawa wa bahari, kilo 1.225 kwa mita ya ujazo. Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi juu, na hewa yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 15. Tanga ukilijaribu kwa feni hapa karakanani litasukuma kidogo kuliko hesabu ya kitabu, wakati foili haibadiliki, kwani maji ni yale yale. Ziwa Nyasa liko chini sana kuliko sisi, chini ya mita 500, kwa hiyo pale tofauti ni ndogo. Andika kila jaribio ulilifanyia wapi.

Kwa wale wanaotaka kasi kubwa, mlima umetupa mwalimu mwingine: sufuria ya maharage. Huku kwetu maharage yanachelewa kuiva kuliko Dar es Salaam kwa sababu kanieneo ya hewa ni ndogo na maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Sasa fikiria juu ya mgongo wa foili inayokimbia. Kanieneo hapo inashuka kadiri kasi inavyopanda, na ikishuka vya kutosha maji yanachemka yakiwa baridi. Mapovu ya mvuke yanatokea, kani ya kuinua inavurugika, bawa linatetemeka na kuliwa. Tatizo hilo linaanza kuwabana watu kwenye noti 50, yaani kama kilomita 93 kwa saa. Baharia Paul Larsen alilikabili kwa njia nyingine: boti yake Vestas Sailrocket 2 ilitumia foili iliyoumbwa ili iishi ndani ya mapovu hayo badala ya kuyakimbia, na tarehe 24 Novemba 2012, hapa hapa Afrika, Walvis Bay nchini Namibia, ilikwenda noti 65.45 kwenye mita 500. Ni kilomita 121 kwa saa. Usichanganye jambo hili na lile la hewa kunyonywa kutoka juu ya maji na kushuka kando ya nguzo hadi kwenye bawa. Hilo linatokea hata kwa kasi ndogo, na huenda nalo lilichangia kutuangusha Matema.

Sasa mbinu za mbio. Panda bodaboda kutoka Uyole kuelekea Tukuyu siku isiyo na upepo: utapigwa na upepo usoni. Boti ya foili inakwenda kasi kuliko upepo wenyewe mara mbili, tatu au zaidi, kwa hiyo upepo wa mwendo wake unaumeza ule wa kweli, na baharia anausikia ukitoka mbele karibu muda wote. Jahazi la Pwani likienda na upepo wa tezi, yaani wa nyuma, hufungua tanga. Kwenye boti ya foili tanga linabaki limekazwa hata boti ikishuka na upepo. Tena haiwezi kushuka moja kwa moja, lazima ikate upande huu na ule, kama vile inavyobisha inapopanda. Kila mkato unadai kugeuza, na kila kugeuza ni nafasi ya kuanguka majini.

Hapo ndipo hesabu ya nahodha inapotofautiana na ya boti za kawaida. Boti ya kawaida ikigeuka vibaya inapoteza mita chache. Ya foili ikitua kwenye upepo hafifu inaweza kushindwa kabisa kunyanyuka tena, kwa sababu bila kasi hakuna kani, na bila kani mwili wote unaburuta. Tazama mbio ya nane ya fainali ya America's Cup kule Auckland, Machi 2021, nami ningekushauri uitazame mara tatu. Emirates Team New Zealand waligeuka nyuma ya wapinzani wao Luna Rossa wa Italia wakaingia kwenye upepo uliovurugwa na tanga la wenzao, wakaanguka. Luna Rossa wakawaacha kama kilomita 2. Mtu yeyote angesema mbio imekwisha. Kisha Luna Rossa nao wakaanguka kwenye kona, upepo ukiwa mdogo, na New Zealand wakawapita na kushinda. Boti zile mbili zilikaribiana sana kwa kasi. Tofauti ilikuwa nani yuko juu na nani yuko majini.

Ndiyo maana nasema tazama mbio ukihesabu migeuko. Uwanja una mipaka ya kielektroniki usiyoruhusiwa kuvuka, kwa hiyo anayechagua upande wenye mgeuko mmoja pungufu ameshapata faida hata kabla ya upepo kubadilika. Anayeanza mbele anampa wa nyuma hewa mbovu na kumlazimisha ageuke asipotaka. Hata uvumbuzi wa mwaka 2017 kule Bermuda, New Zealand walipoweka mabaharia wakanyage pedali badala ya kuzungusha kwa mikono, nausoma kwa jicho hilo hilo: miguu ina nguvu zaidi, na nguvu hiyo ndiyo iliyosukuma mafuta ya haidroli ya kurekebisha foili na tanga bila kukoma. Walishinda 7 kwa 1.

Kitu kimoja hakipatikani kwenye video wala karakanani, nacho ni kusoma upepo juu ya maji. Asubuhi moja Matema nilikuwa nimekaa ufukweni na kipima upepo, ziwa limetulia kama kioo. Mzee mmoja mvuvi alisimama kando yangu. Nilimwamkia, akaniuliza, "Mwanangu, unapima nini wakati ziwa limelala?" Nilimwambia nasubiri upepo. Akanyoosha kidole kuelekea chini ya safu ya Livingstone, mahali ambapo maji yalikuwa na doa jeusi kidogo, nami sikuwa nimeliona. Akasema ule unashuka mlimani, utapiga kwanza kwa nguvu kutoka kushoto, kisha utazunguka na kuja kutoka kusini, tofauti na mwera, ambao huanzia mbali ziwani na kuja na mawimbi yake. Akaanza kuhesabu kwa sauti, taratibu, akikunja vidole. Alipofika thelathini na nane, nywele za mikono yangu zikasimama, na kile kipima kikaanza kuzunguka, kikielekea kushoto.

Tangu siku ile mwanafunzi mpya simpi msasa wala faibaglasi wiki ya kwanza. Nampa daftari, saa, na ufito wa mwanzi wenye uzi mwekundu nchani, tunashuka kwa basi hadi Kyela na kuendelea hadi ziwani. Kazi yake ni kuandika doa limeonekana saa ngapi, upande gani, limefika baada ya sekunde ngapi, na uzi umegeukia wapi.