Masika ya shamba: usigombane na kila mdudu

Nilihama Ng'ambo, mjini Unguja, mwezi wa Februari nikaja kukaa nyumba aliyoiacha babu, shamba nyuma ya Wete, Pemba. Jua kali, ardhi imepauka, hata chungu wanapita mmoja mmoja. Nikajiona nimepata pepo ndogo. Machi mawingu yakafunga, na kufika Aprili nyumba haikuwa yangu peke yangu tena. Haya sasa ni masika yangu ya sita, na kila mwaka hakosi ndugu wa mjini aliyehamia shamba anayenipigia simu usiku kuniuliza awafanyeje wadudu.

Nianze na siafu, maana hao ndio wanaotia adabu. Mwaka ule walikuja saa nane za usiku. Kilichoniamsha ni kuku: hawakuwika, walikuwa wakipapatika na kugonga mbao za banda. Nikatoka na tochi, miguu mitupu, nikakanyaga katikati ya msafara. Kuku wanne walikwishakufa, waliobaki wamejibana juu ya fito. Nikamwaga mafuta ya taa, nikamwaga maji ya moto, nikapiga kwa ufagio. Kila nilipowapiga walitawanyika, na waliotawanyika ndio walioingia ndani. Ami, mzee jirani yangu, alikuja na kandili yake, akasimama mbali akinitazama ninavyorukaruka.

"Mwanangu, hawa wapita njia," akasema. "Wewe ndiye uliyewakaribisha ndani."

Tangu siku hiyo siwapigi. Mbuzi aliyefungwa kamba namfungua mwanzo, kuku nawatia kwenye tenga nawapeleka kwa Ami, na sote tunahama kulala huko, asibaki mtoto mchanga wala mgonjwa kitandani. Nyumba nawaachia. Asubuhi wamekwenda zao, na jikoni huoni mende hata mmoja. Ukiwa na siafu wa aina hii dawa ya mende huna haja ya kununua, ila kuku wahame kwanza.

Majimoto ni kesi nyingine. Ni wale chungu wekundu wanaoshona majani ya mkarafuu na ya mnazi wakafanya vifuko, na jina lao linajieleza; muulize yeyote aliyewahi kuchuma karafuu. Wangu walikuwa wakishuka kwenye kamba ya nguo na kuingia kwenye mashuka. Nikanunua dawa, nikapuliza minazi miwili ya karibu na dirisha mpaka wakaisha wote. Nilifurahi kama miezi minane. Kisha minazi ile ikaanza kupukutisha vidaka, yaani nazi changa kabisa, kila asubuhi naviokota chini vina makovu, wakati minazi ya nyuma yenye majimoto wake imejaa vitale. Kumbe kuna mdudu anayefyonza vidaka, na majimoto ndio wanaomfukuza. Jambo hili si la uvumi wa baraza, wataalamu walilichunguza hapa hapa Zanzibar tangu miaka ya 1950. Nilichotakiwa kufanya ni kuhamisha kamba ya nguo. Nimeihamisha sasa, hatua kumi tu.

Msije mkadhani nimekuwa walii. Mbu simwachii. Nyuma ya jiko langu palikuwa na chungu ya vifuu, tukikuna nazi tunatupa pale. Asubuhi moja baada ya mvua niliinama nikatazama: kila kifuu kimeshika maji kiasi cha kikombe cha kahawa, na ndani viluwiluwi vinajipindapinda. Mbu hawa wenye madoa meupe miguuni wanauma mchana, na ndio wanaoambukiza homa ya dengi, kwa hiyo chandarua cha usiku hakitoshi. Vifuu tunavichoma makaa, visivyochomwa tunavifudikiza. Na hicho chandarua cha usiku nacho usikitoe kitandani ukaenda kuzungushia mchicha, eti kwa sababu malaria imepungua visiwani.

Kwa mchicha adui ni konokono. Usitie chumvi: mimi nilitia, wakafa na mchicha ukafa. Okota usiku kwa tochi, weka bata, basi.

Raha zipo, na nyingi huja magharibi mvua ikikatika. Majani ya mikarafuu yananukia, vyura wa bonde la mpunga wanaanza mmoja mmoja mpaka humsikii mtu aliye karibu yako. Kisha popo wanatoka. Hawa popo wetu wakubwa, mabawa yao yanafika mita moja na nusu, hawapatikani popote duniani isipokuwa Pemba. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa karibu kwisha kwa kuwindwa. Leo ni maelfu, ukienda Kidike mchana utawaona wamening'inia mitini. Wangu wanakula shelisheli wakigombana usiku kucha, na chini ya mti huwezi kuegesha chochote unachokipenda. Mimi shelisheli langu la juu nimewaachia, la chini nawahi mimi.

La mwisho, viatu. Tandu anapenda mahali penye giza na unyevu, na wakati wa masika mahali hapo ni kiatu chako. Cha mtoto wa skuli kikung'uteni kila asubuhi. Cha mtoto sisahau. Changu nilikisahau wiki iliyopita, na Ijumaa nikaenda msikitini na kandambili moja, mguu wa pili umeumuka kama andazi.