Kikasha kimefurika: majibu kwa wasomaji wanne

Nauza vifaa vya ujenzi Kizota. Gmail yangu ina barua maelfu, ankara zinazama kwenye matangazo. Nianze kufuta moja moja?

Utakesha. Fungua kwa kompyuta, maana programu ya simu haina sehemu ya kuunda vichujio, yaani kanuni za kupanga barua zenyewe zinapoingia. Tafuta anwani ya anayekujazia matangazo, fungua chaguo za utafutaji, unda kichujio: barua zake ziruke kikasha na zibandikwe lebo "Matangazo". Kabla hujamaliza, weka tiki panapouliza kama zihusishwe na barua za zamani. Wengi wanaruka hapo, halafu wanalalamika kichujio hakifanyi kazi. Wasumbufu watatu wanne wakishaondoka, ankara zitaonekana zenyewe. Nazo zipe lebo, ila zibaki kikashani mpaka ulipe.

Kuweka kwenye kumbukumbu (archive) na kufuta vina tofauti gani? (Mwanafunzi, UDOM)

Iliyowekwa kwenye kumbukumbu imetoka kikashani tu, ukiitafuta unaipata. Iliyofutwa inakaa kwenye tupio siku 30, kisha ndiyo basi. Ila kumbukumbu haikuongezei nafasi: GB 15 za bure unazigawana na Drive na Picha. Ukiambiwa imejaa, tafuta has:attachment larger:10M older_than:2y, yaani barua zenye viambatisho, zinazozidi MB 10 na miaka miwili. Utakutana na video za kipaimara na PDF ileile iliyotumwa mara tano. Futa bila huruma, kisha mwaga na tupio.

Mimi ni katibu muhtasi, Mtumba. Nimeambiwa nisafishe barua pepe za ofisi. Nifute za kuanzia mwaka gani?

Usifute kwa ushauri wangu. Muone afisa kumbukumbu wenu. Barua pepe ya kazi katika ofisi ya umma ni kumbukumbu ya umma, na Sheria Na. 3 ya 2002 ya kumbukumbu na nyaraka hairuhusu kuiteketeza kiholela. Unachoweza kufanya leo ni kuunda lebo zenye majina na namba zilezile za majalada ya masijala.

Nakusanya alizeti Singida. Ripoti za mizani zinaingia kila siku. Nataka zitoke kikashani zikifikisha mwezi, kichujio kinakataa.

Hakikatai, hakiwezi. Kichujio huikagua barua inapoingia, hakihesabu umri wake baadaye. Hapo ndipo skripti, yaani maagizo mafupi ya kompyuta, inapohitajika. Acha kichujio kibandike lebo "mizani", kisha ingia script.google.com, uandike:

function hamisha() {
  var b = GmailApp.search('label:mizani in:inbox older_than:30d', 0, 100);
  if (b.length) GmailApp.moveThreadsToArchive(b);
}

Hiyo 100 usiiongeze, ndiyo kikomo cha kuhamisha kwa mkupuo mmoja. Weka kiamshi (trigger) cha kuiendesha kila siku, usiku wa manane. Inaendeshwa kwenye seva za Google, kwa hiyo hata umeme ukikatika kwako kazi inaendelea. Kabla ya kuiwasha, yaandike maneno hayohayo ya utafutaji ndani ya Gmail uone yanaleta barua zipi. Ikitokea ripoti ambayo bado mnabishana kilo na mkulima, iondolee lebo kwanza.