Jibu kwa swali la marubani wa jeshi na sheria za anga: uzito wa neno "naiona"

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Ndugu yetu ameuliza mambo matatu, nami nayarudia kwa ufupi ili anayeingia katikati ya mazungumzo asipotee. Kwanza, kama ni kweli kwamba rubani wa jeshi habanwi na sheria za anga zinazowabana marubani wa ndege za abiria. Pili, ilikuwaje helikopta ya jeshi la Marekani ikagongana na ndege ya abiria mjini Washington usiku wa tarehe 29 Januari 2025, ilhali waliokuwa ndani ya helikopta walikwisha kusema redioni kwamba wanaiona ndege hiyo. Tatu, mdogo wake amemaliza kidato cha sita na anataka kusomea urubani jeshini, basi aanze na nini. Mimi sikuwa rubani. Nilikuwa mwongoza ndege katika mnara wa uwanja wa ndege wa Kiembe Samaki, Zanzibar, kwa miaka mingi hadi nilipostaafu, na ndege za kijeshi, za kwetu na za wageni, nimezipokea na kuziaga nyingi. Nitajibu kwa niliyoyaona upande huo wa redio, na mambo ya ndani ya vikosi nawaachia wenyewe.

Maneno kwamba "mwanajeshi hana sheria angani" yametokana na kusoma nusu ya kifungu. Mkataba wa Chicago wa tarehe 7 Desemba 1944, ambao ndio msingi wa usafiri wa anga wa kimataifa hadi leo, unasema katika kifungu chake cha 3 kwamba unahusu ndege za kiraia tu na wala si ndege za dola, yaani zinazotumika kwa kazi za jeshi, forodha na polisi. Wengi huishia hapo. Kifungu hicho hicho kinaendelea kusema kwamba ndege ya dola hairuhusiwi kuruka juu ya ardhi ya nchi nyingine bila ya idhini ya nchi hiyo, na kwamba kila nchi inapotunga kanuni za ndege zake za dola ni lazima izingatie usalama wa ndege za kiraia. Kwa hivyo jukumu la kutogongana halikuondolewa. Pale ambapo rubani wa jeshi anaruka nje ya uangalizi wa waongoza ndege, jukumu hilo humwangukia yeye peke yake na kamanda aliyemtuma, na kwa maoni yangu huo ni mzigo mzito kuliko wa rubani wa abiria ambaye mnara unamsaidia kuubeba.

Siku za kawaida, anapoingia katika anga la uwanja kama wetu, kanuni ni zile zile za kila mtu. Ndege mbili zikikabiliana uso kwa uso, kila moja hukata kulia. Njia zao zikikutana kwa pembe, aliye na mwenzake upande wa kulia ndiye anayempisha. Aliyekwisha kuelekea kutua hupishwa na walio bado hewani. Anayeruka kwa kutegemea macho chini ya futi 10,000 anatakiwa awe na upeo wa kuona usiopungua kilomita 5, na akae mbali na mawingu kwa mita 1,500 kwa ubavuni na mita 300 kwa juu au chini. Juu ya hayo, jeshi humwekea ya kwake. Katika majeshi yaliyorithi taratibu za Uingereza, rubani hapandi ndege mpaka afisa mwenye mamlaka awe ameidhinisha safari hiyo kwa maandishi, ikionyesha anakwenda kufanya nini na chini ya kimo gani asishuke, na rubani naye atie saini kwamba ameelewa. Rubani wa abiria haulizwi kila asubuhi kama anakusudia kuruka chini kuliko minazi. Wa jeshi huulizwa, kwa sababu kuna siku kazi yake ndiyo hiyo.

Sasa swali la pili, ambalo ndilo lililonifanya niandike.

Siku moja ya Januari, kabla uwanja wetu haujapewa jina la Mzee Abeid Amani Karume, manowari ya nchi ya kigeni ilikuja kututembelea, na helikopta yake ikaomba kuja uwanjani kuchukua wageni wao. Ruhusa zote zilikuwepo. Ilikuwa kaskazi, kwa hivyo ndege zilikuwa zikitua kutoka kusini, zikipita upande wa Fumba. Helikopta ilikuwa inatokea baharini usawa wa Chumbe, na ilibidi ikatize mkondo wa ndege zinazotua ili iende kutua upande wa pili wa uwanja. Wakati huo nilikuwa na Cessna mbili ndogo za abiria kutoka Dar es Salaam, moja nyuma ya nyingine. Kazi yenyewe ilikuwa ya macho, darubini na vile vipande vya karatasi tunavyoandikia safari, ambavyo nilikuwa navyo viwili mbele yangu, kimoja juu ya kingine.

Nikamwambia rubani wa helikopta (mazungumzo yalikuwa kwa Kiingereza, nayaandika kwa lugha yetu): "Kuna Cessna ya abiria inakuja kutua, iko upande wa Fumba. Unaiona?" Akajibu: "Naiona." Nikamwambia: "Pita nyuma yake." Akasema sawa, na akafanya kama nilivyomwambia. Tatizo ni kwamba mimi nilikuwa nikiizungumzia Cessna ya pili. Ya kwanza ilikuwa karibu kugusa ardhi, na katika akili yangu ilikuwa imekwisha kutua. Hata karatasi yake nilikuwa nimeishika mkononi ili niiweke kando. Yeye aliiona ya kwanza, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikimetameta juani, na ya pili ilikuwa nyeupe mbele ya mawingu meupe. Basi alipita nyuma ya ya kwanza kwa adabu zote, na kwa kufanya hivyo alikuwa anaingia mbele ya pua ya ya pili.

Nilikiona kile kichwa cha helikopta kikigeuka mapema mno. Nikasema kwa sauti ambayo mke wangu angeijua: "Geuka kushoto sasa hivi, rudi Chumbe!" Nilipotaka kuiambia Cessna ya pili ikate kulia na kupanda, nikaona imekwisha kuanza kukata. Rubani wake, kijana wa Pemba mwenye macho ya kunguru, alikuwa kwenye masafa yale yale ya redio na alisikia neno kwa neno nilivyozungumza na helikopta, akajihesabia mwenyewe kwamba anayetakiwa kupitwa nyuma ni yeye na hakuna aliyeko nyuma yake. Hawakukaribiana kiasi cha kutisha, na abiria nadhani walidhani wanazungushwa waione pwani. Baadaye yule rubani wa helikopta alipanda ngazi za mnara, akavua kofia, na kabla sijaomba radhi akaniuliza swali moja tu: "Ulikusudia ya ngapi?" Nilikaa kuandika taarifa ya tukio mimi mwenyewe, na kosa nililiandika kuwa ni langu.

Ya Washington ni makubwa kuliko hayo, lakini mfupa wake ni ule ule. Helikopta ilikuwa Black Hawk yenye watu 3, na ndege ya abiria ilikuwa na watu 64. Wote 67 walikufa katika mto Potomac. Mwongoza ndege aliwaarifu walio ndani ya helikopta kuhusu ndege ile, nao wakasema wanaiona na wakaomba wajitenge nayo wenyewe kwa macho, wakakubaliwa. Ilikuwa usiku, wamevaa miwani ya kuonea gizani, na mbele yao kulikuwa na taa za mji mzima pamoja na taa za ndege nyingine zilizokuwa zikija uwanjani. Ndege waliyotajiwa ilikuwa imebadilishiwa njia ya kutulia dakika chache kabla. Agizo la kupita nyuma yake huenda halikuwafikia kamili, kwa kuwa kitufe cha redio ya helikopta kilibonyezwa wakati huo huo mwongoza ndege akizungumza. Anayewahi kutumia redio anajua kwamba wawili wakisema pamoja kwenye masafa mamoja, neno la mmoja humezwa. Na marubani wa ndege ya abiria hawakuweza kuwasikia wenzao wa helikopta, kwa sababu hawakuwa kwenye masafa mamoja. Hapo ndipo nilipomkumbuka yule kijana wa Pemba.

Kimo nacho kina hadithi yake. Njia ile ya helikopta ilikuwa na kikomo cha futi 200, na wakati wa kugongana helikopta ilikuwa katika futi 278, huku wachunguzi wakieleza kwamba huenda kipima kimo walichokuwa wakikisoma kilionyesha pungufu ya hapo. Mtu anaweza kusema basi kosa ni la futi 78. Mimi nasema tazameni pia kile wachunguzi walichokieleza mwezi Machi 2025: hata kama helikopta ingekaa juu kabisa ya kikomo chake, nafasi iliyobaki kati yake na ndege inayoshuka kutua kwenye njia ile ingeweza kuwa futi 75 tu, yaani kama mita 23, ambayo ni urefu wa mnazi mmoja mzuri. Kilichotakiwa kuzuia ajali hapo hakikuwa kimo. Kilikuwa neno "naiona".

Wanajeshi wenyewe walikwisha kulipia somo hili hata pasipokuwa na raia karibu. Tarehe 14 Aprili 1994, juu ya kaskazini ya Iraq, ndege mbili za kivita aina ya F-15 za Marekani ziliziangusha helikopta mbili za Black Hawk za Marekani hiyo hiyo, wakafa watu 26. Mitambo ya kutambuana haikuwaokoa, kwa kuwa helikopta zilikuwa zikitumia namba ya utambulisho tofauti na iliyotarajiwa katika eneo lile, na redio zao hazikuwa zikisikilizana na zile za ndege za kivita. Taratibu zilidai pia kwamba rubani athibitishe kwa macho. Walikwenda, wakapita karibu, wakatazama, na wakaona helikopta za Kirusi aina ya Hind. Jicho huona lile ambalo akili imekwisha kulitayarisha.

Kuna jambo la kimaumbile ambalo kila mwanafunzi wa urubani hufundishwa, na ambalo mimi nililijua kabla sijaiona ndege kwa karibu, kwa sababu baba yangu alikuwa nahodha wa jahazi. Alinikalisha nyuma ya mlingoti na kuniambia nikitazame chombo kingine kinachokuja: kikisogea mbele ya mlingoti kitatupita mbele, kikisogea nyuma kitatupita nyuma, na kikibaki pale pale kikikua tu, nimwite haraka. Angani ni hivyo hivyo. Ndege itakayokugonga ndiyo ambayo haihami kwenye kioo chako, na kwa kuwa jicho letu hukamata zaidi kinachosogea, ndiyo ngumu kuliko zote kuiona. Mamlaka ya anga ya Marekani hukadiria kwamba tangu rubani aione ndege nyingine mpaka ndege yake mwenyewe ianze kukwepa hupita sekunde 12.5. Chukueni helikopta inayokwenda kilomita 220 kwa saa na Cessna ya kilomita 280 zikikabiliana: katika sekunde hizo zitakuwa zimemeza kilomita moja na karibu robo tatu. Kwa umbali huo Cessna ni kitone kwenye kioo.

Ndiyo maana baada ya siku ile sikumkubalia rubani yeyote, wa jeshi au wa kiraia, neno "naiona" likiwa peke yake. Nilimtaka aniambie iko wapi, inaelekea wapi, na kama zipo mbili basi ni ya ngapi. Wapo walioudhika, hasa wenye vyeo. Mmoja aliniambia kwamba ana saa nyingi za kuruka kuliko umri wangu, nikamjibu kwamba hayo hayamwambii Cessna iko wapi. Katika mazoezi ya mapigano ya majeshi mengi kuna utaratibu unaonipendeza kwa sababu hiyo: neno la kusitisha zoezi linaweza kusemwa na yeyote, hata luteni aliyefika juzi, na likisemwa kila mtu huacha kushambulia, akaweka ndege sawa, na maswali huulizwa chini, baada ya kutua. Jeshi, ambalo kila kitu chake ni cheo, limekubali kwamba kwa sekunde hizo cheo hakifai kitu.

Kuhusu mdogo wako, mwanangu, hesabati na fizikia asiziachie, Kiingereza chake cha kusema kiwe safi kwa sababu ndicho cha redioni, na akapimwe macho na masikio mapema asije akajua mwishoni. Masharti ya kujiunga ayaulize jeshini kwenyewe, asiyachukue hapa jukwaani. Na akipata nafasi ya kupanda boti ya Dar es Salaam, asikae ndani kwenye televisheni. Asimame juu, achague nguzo moja ya boti, atazame vyombo vinavyokuja, na kabla havijafika aseme kwa sauti kipi kitapita mbele, kipi nyuma, na kipi hakihami.