Tafsiri ya masharti ya zabuni mbele ya mahakama ya India

Je, mahakama za India zinaweza kubatilisha uamuzi wa mamlaka inayotangaza zabuni kwa kuyasoma masharti yake tofauti? Hapana, hazibatilishi uamuzi huo kwa sababu tu zenyewe zingeyasoma masharti ya zabuni kwa namna nyingine. Mahakama ya Juu ililiweka wazi jambo hilo mwaka 2016 katika kesi ya kampuni ya Afcons dhidi ya shirika la metro la Nagpur. Sharti la zabuni ya shirika hilo lilidai uzoefu wa kujenga madaraja ya reli katika mradi wa metro, na mzabuni mmoja aliyeleta uzoefu wa reli ya mwendo kasi ya China akaenguliwa. Mahakama Kuu ya Bombay ikaona kazi hizo zinalingana na kumrudisha, lakini Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo kwa hoja kwamba mwenye mradi, aliyeziandika nyaraka, ndiye anayeelewa zaidi mahitaji yake. Naona hoja hiyo ina uzito hasa penye masharti ya kiufundi, maana jaji si mhandisi.

Hata hivyo, mahakama itaingilia ikithibitika kwamba kulikuwa na nia mbaya, upendeleo, au tafsiri iliyopotoka kiasi kwamba hakuna mtu mwenye akili timamu angeifikia. Kwa hiyo mamlaka ikimlegezea mzabuni mmoja sharti la msingi na kumkazia mwingine sharti hilohilo, haitaokolewa na kisingizio cha tafsiri. Mzabuni anayeona utata katika sharti aombe ufafanuzi kwa maandishi kabla ya kuwasilisha zabuni yake, si baada ya kuenguliwa.