Usiipange Stempu Kabla ya Kumjua Aliyechorwa

Stempu ya Hildegard Burjan, iliyotolewa na Austria mwaka 1983, ilinifundisha jambo ambalo ningependa kila mkusanyaji wa stempu za kidini alizingatie: soma kwanza maisha ya mhusika, ndipo umtafutie ukurasa katika albamu. Nilipoipata nilijua tu kwamba alianzisha Caritas Socialis, jumuiya ya masista, nami bila kuchunguza zaidi nikaandika chini yake "Sista Hildegard" na kumweka pamoja na watawa. Kosa hilo lilidumu katika albamu yangu kwa miaka kadhaa.

Burjan alikuwa mlei, yaani muumini asiye mtawa, mke wa mtu na mama wa binti mmoja. Alizaliwa mwaka 1883 mjini Görlitz, Ujerumani, katika familia ya Kiyahudi, akabatizwa mwaka 1909 baada ya ugonjwa mzito uliomlaza katika hospitali ya Kikatoliki mjini Berlin, ambako masista walimuuguza, kisha akahamia Vienna, Austria, pamoja na mumewe. Huko aliguswa na hali ya wanawake waliofanya kazi za viwanda majumbani mwao kwa ujira mdogo mno, akawaunganisha katika chama mwaka 1912. Mwaka 1918 alianzisha chama kingine cha huduma za jamii, na mwaka 1919, mwaka uleule alioingia bungeni, akaanzisha Caritas Socialis, ambayo aliiongoza hadi alipofariki mwaka 1933, ingawa yeye mwenyewe hakuwa mtawa. Kwangu mimi, hapo ndipo ukuu wake ulipo.

Tazama pia tarehe. Kanisa Katoliki lilimtangaza kuwa mwenyeheri, hatua iliyo kabla ya utakatifu, mwaka 2012, ilhali stempu ilitoka miaka 29 kabla, ilipotimia miaka 100 tangu kuzaliwa kwake. Kwa hiyo anayeiweka katika ukurasa wa wenyeheri anaificha sababu iliyoifanya itolewe, na ndiyo maana nashauri stempu zipangwe kwa kufuata tukio lililokusudiwa. Ukiipata ikiwa juu ya bahasha yenye muhuri wa siku ya kwanza, yaani siku stempu ilipotolewa, usiibandue, kwa kuwa muhuri huo ndio ushahidi wa tarehe.

Maelezo yaandike kwa penseli, tena kwenye karatasi ya albamu, kamwe si nyuma ya stempu. Mimi niliandika kwa wino, na siku ya kusahihisha ililazimu niubadilishe ukurasa mzima.