Mbizi fupi, kizunguzungu kirefu

Kaka, wasema ulizamia baharini Nyali mita 4 tu na tangu hapo una kizunguzungu; usidanganyike na hizo mita 4. Hapo karibu na juu ndipo sikio huumia sana: ukishuka mita 10 tu, mgandamizo tayari umekuwa maradufu. Ukichelewa kusawazisha mgandamizo ndani ya sikio, au ukabana pua ukapuliza kwa nguvu una mafua, waweza kuumiza ngoma ya sikio, hata sikio la ndani linaloshika mizani ya mwili.

Sikio kuziba peke yake mara nyingi huisha lenyewe. Lakini wewe wasema siku ya 9 bado wapepesuka, sikio lavuma na simu waisikia vizuri upande mmoja tu. Hilo si la kungojea. Nenda hospitali ya Makadara leo, omba daktari wa masikio, na umwambie ulizamia, asije akadhani ni malaria. Huenda kuna kitundu kidogo kwenye sikio la ndani kinachovujisha majimaji, na kikichelewa usikivu waweza usirudi.

Mpaka hapo usizame, usipande ndege, usipenge kwa nguvu, usibebe mizigo. Na yale mafuta ya nazi ya moto ya bibi, tafadhali, yabaki jikoni. Pikipiki pia iache.