Ryzen 9950X au Threadripper 7970X kwa ofisi ya michoro, Kisumu

Ndugu, umeuliza ipi kati ya prosesa hizi mbili za AMD inafaa ofisi ya michoro ya majengo hapo Kisumu, mkitumia Revit (programu ya kuchora majengo) na Blender (ya kutengeneza picha za 3D). Chukua Ryzen.

Zilipozinduliwa, Ryzen ya kori 16 (kori ni sehemu ya prosesa inayofanya kazi) ilikuwa dola 649, Threadripper ya kori 32 dola 2,499. Kori mara mbili, bei karibu mara nne, na bado hujalipia mazabodi (bodi kuu ya kompyuta). Kuchora kwenye Revit hutegemea zaidi kasi ya kori moja, kwa hiyo nyingine zitakaa bure. Kama Blender yako hutumia kadi ya grafiki, pesa iliyobaki iende huko.

RAM ndiyo huwakwamisha wengi. Threadripper hii hutaka DDR5 ya RDIMM (RAM ya aina ya seva), vipande vinne ili njia zote nne za prosesa kwenda kwenye RAM zitumike. Ile ya kawaida haifanyi kazi humo kamwe. Kwa Ryzen nunua vipande viwili vya GB 48. Ukijaza nafasi zote nne, kasi rasmi ya RAM hushuka kutoka 5600 hadi 3600 MT/s.

Threadripper inafaa ukihitaji RAM kupita GB 192, au kadi tatu za grafiki.

Stima nayo: kiwango rasmi ni wati 350 kwa Threadripper dhidi ya 170 kwa Ryzen, kwa prosesa pekee. Ukinunua UPS soma wati, si VA (volti mara ampea), maana ya VA 1500 mara nyingi hubeba wati 900 tu. Na kwa joto la Kisumu, washa Eco Mode ya Ryzen (hali ya kupunguza umeme) ya wati 105 kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta. Kasi inayopotea ni ndogo, feni zinatulia.